Kisu Kimoja, Nyundo Mbili

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za amani za Fizi na Baraka, Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada, na ninyi vijana mliotoka mbali kwa miguu na kwa pikipiki,

Tunawashukuru wenyeji wetu wa Baraka kwa kutupokea, na tunawashukuru zaidi ninyi mlioteremka kutoka milimani. Tunajua barabara ya Fizi ilivyo wakati wa mvua. Tunajua pia kwamba kwa baadhi yenu shida ya njiani haikuwa matope peke yake.

Tuliombwa tuzungumze juu ya vyombo vya ujenzi wa amani. Pengine mlitazamia tubandike karatasi kubwa ukutani na kuchora ule mti wa migogoro, mizizi chini na matunda juu, kama tulivyozoea katika semina. Mti huo tutauchora kesho. Leo tunaomba kuanza na kisu. Msishtuke, hatukukileta. Kimekwisha kurudi na mwenyewe, nasi tunawasimulia tu habari zake, kwa sababu kisu hicho kilitufundisha jambo na pia kilituaibisha kidogo. Hayo yote mawili mnastahili kuyajua.

Kisu chenyewe

Katika semina iliyopita, hapa hapa Baraka, tulikuwa na mgeni, rafiki wa kazi yetu kutoka nje. Saa ya chai tulitafuta kitu cha kukatia kamba ya furushi la madaftari. Mgeni akatoa mfukoni kisu cha kukunja.

Hakikuwa kisu cha dukani. Fundi alikitengeneza kwa mkono, kwa agizo la mtu mmoja. Kikiwa kimefungwa kilienea katika kiganja. Mpini wake ulikuwa wa chuma cheusi, na juu ya chuma hicho fundi alichora kwa tindo nyembamba kama sindano, mstari kwa mstari, hata ukipitisha kidole unausikia mchoro kabla hujauona vizuri. Upande mmoja yuko mtu amepiga goti mbele ya fuawe, mikono ya nguo ameifunga nyuma, nyundo ameiinua. Upande wa pili yuko mbweha amesimama kwa miguu miwili kama mtu, naye ameinua nyundo. Jicho la mbweha ni nukta ya dhahabu, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Upande wa mbweha hakuna fuawe. Ukimtazama yeye peke yake unajiuliza mnyama huyu anapiga nini. Lazima ukigeuze kisu, umwone mhunzi, kisha ukigeuze tena, ndipo unaelewa kwamba wawili hao wanafua kitu kimoja. Na kitu chenyewe ni ubapa wa kisu, uliolala katikati yao.

Tulikipenda. Hatuoni haya kusema hivyo. Kilipita mkono kwa mkono, na kila mtu alitafuta mstari ambao mwenzake hakuuona. Kijana mmoja alihesabu manyoya ya mkia wa mbweha. Mwingine aliuliza bei, tukacheka.

Kisha mtu mmoja akakifungua. Ubapa ukatoka unameta, na chumba chote kikanyamaza.

Kwa nini tulinyamaza

Ninyi hamhitaji maelezo, lakini wako marafiki wa mbali watakaosoma maneno haya katika jarida, kwa hiyo tuwaeleze.

Katika chumba kile walikuwepo Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru na Babuyu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, juu ya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, imeandika kuuawa kwa raia Banyamulenge kule Lueba na hapa Baraka mwaka 1996. Ripoti hiyo hiyo imeandika kuuawa kwa raia kule Makobola, siku za mwisho za Desemba 1998 na za kwanza za Januari 1999, ambako Babembe wanalia watu wao mpaka leo. Maelfu na maelfu walivuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti wakaishi Lugufu na Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudi kwa meli na kushukia bandari hii ya Baraka. Wengine hawajarudi. Na huko juu, kwenye miinuko ya Minembwe na Itombwe, tangu mwaka 2017 vijiji vimechomwa tena na ng'ombe wameibwa tena, na kila upande una makaburi yake.

Kwa hiyo panga na kisu kwetu ni vitu vya nyumbani, vya muhogo na vya kuni, lakini si vitu vya nyumbani tu. Mtu akifungua kisu mbele ya watu, kila mmoja anakumbuka mahali pake.

Aliyetutoa katika ukimya ule alikuwa mzee mmoja mhunzi kutoka upande wa Fizi. Yeye hufua majembe, mapanga na visu vya kumenyea muhogo kwa springi za magari yaliyokufa. Alikipokea kisu, akakifunga, akakifungua, akasikiliza kiungo chake kinavyolia. Akapima makali kwa ukucha. Hakusifu sana, kama mafundi walivyo. Aliuliza tu, "Huyu mnyama ni nani, na nani amempa nyundo?"

Hadithi ya mbweha

Mgeni akatusimulia. Hadithi inatoka Japani, nayo huchezwa huko hadi leo katika mchezo wa jukwaani uitwao Kokaji. Inasema kwamba zamani za mfalme Ichijo, aliyetawala toka mwaka 986 hadi 1011, alikuwepo mhunzi wa panga katika mji wa Kyoto aliyeitwa Munechika. Mfalme aliota ndoto, akatuma mtu kumwagiza Munechika amfulie upanga. Mhunzi akahuzunika. Hakukosa chuma, wala makaa, wala ujuzi. Alikosa mwenzake. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja kila upande wa fuawe, na hakuwepo mtu wa kulingana naye katika kupiga.

Akaenda kuomba kwa Inari, ambaye Wajapani humheshimu kama mlinzi wa mpunga, na ambaye mjumbe wake ni mbweha. Njiani akakutana na kijana asiyemjua, akamwambia, rudi nyumbani, tayarisha mahali pa kazi, mwenzako atakuja. Mhunzi akatayarisha. Akaja mbweha. Wakapiga kwa zamu, huyu na huyu, mpaka upanga ukaisha. Munechika alichora jina lake upande mmoja wa chuma, na upande wa pili likachorwa jina la Mbweha Mdogo. Upanga mmoja ukawa na majina mawili.

Mzee wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hadithi hiyo ni ya kweli. Wengine walicheka. Yeye akasema, "Mimi sijui habari za mbweha. Ninasema habari za nyundo." Akatueleza kama anavyowaeleza vijana wake. Mwenye nyundo ndogo anaonyesha mahali. Mwenye nyundo kubwa anapiga hapo hapo. Halafu yule mdogo anaonyesha tena. Mkipiga wote kwa wakati mmoja, nyundo zinagongana na mtu anaumia. Mmoja akipiga peke yake, chuma kinapoa kabla hakijakunjika.

Mgeni akaongeza jambo ambalo tumelibeba tangu siku hiyo. Katika lugha ya Kijapani, ile nyundo inayojibu nyundo nyingine inaitwa aizuchi. Na neno hilo hilo ndilo wanalolitumia kwa yale maneno madogo anayoyasema msikilizaji wakati mwenzake anazungumza. Sisi tunasema ee, naam, ndiyo, ehee. Wao wanasema kwamba msikilizaji anapiga nyundo ya pili.

Tuone kama jambo hilo ni geni kwetu. Mzee anapoanza hadithi jioni, akisema hadithi hadithi na watoto wasijibu, je, ataendelea? Hataendelea. Atakaa kimya mpaka wamjibu. Tulilijua jambo hili tangu utoto. Tumelisahau mahali tunapolihitaji kuliko pote.

Nyundo zinazogongana

Mnalijua tatizo la ng'ombe. Kila kiangazi majani yanapokauka huko juu, wafugaji huteremsha ng'ombe kutafuta malisho, wengine mpaka Ngandja, wengine kuelekea ziwani. Ng'ombe wanapita katika mashamba ya muhogo. Muhogo unaliwa. Ng'ombe wanaibwa. Halafu linaingia suala la itulo, ile zawadi ya desturi ambayo wafugaji huwatolea machifu wa mahali wanapopewa malisho. Mmoja anasema ni heshima, mwingine anasema ni kodi. Mmoja anasema alikwisha kutoa, mwingine anauliza alimpa nani. Na wakati wote huo kuna watu wenye bunduki karibu, wengine wanasindikiza ng'ombe, wengine wanalinda mashamba, na kila mmoja anasema anajilinda.

Tumekaa katika mazungumzo mengi juu ya jambo hili. Tukisema kweli, mara nyingi hayakuwa mazungumzo. Mkulima anasimama na kutaja hasara yake. Mfugaji anasimama na kutaja hasara yake. Kila mmoja anangoja mwenzake anyamaze ili apate nafasi ya kupiga. Tunaandika yote katika ripoti, tunakunywa soda, tunaagana.

Baada ya chai ile tulijaribu namna nyingine. Tuliweka sharti moja tu: kabla ya kujibu, rudisha. Yaani usiseme lako mpaka umesema la mwenzako kwa maneno yako, na yeye mwenyewe akiri kwamba umesikia.

Walisimama wawili, mkulima mmoja na mfugaji mmoja. Mkulima akaeleza shamba lake lililoliwa usiku mmoja. Mfugaji akarudisha, "Anasema ng'ombe waliingia shambani." Mkulima akakataa, "Sikusema hivyo." Akaanza tena. Mara ya pili mfugaji akarudisha habari ya shamba na ya hasara. Mkulima akakataa. Mara ya tatu akakataa. Wengine walianza kulalamika kwamba tunapoteza muda. Mara ya nne mfugaji alikaa kimya kwanza, kisha akasema, "Unasema muhogo ule ulikuwa karo ya watoto, na kwamba tulipopita hakuna aliyegeuka nyuma kukuomba radhi." Mkulima akajibu, "Ndiyo. Hapo umesikia."

Kisha ikawa zamu ya mfugaji, na mkulima naye akashindwa mara mbili kabla hajaweza kusema kwamba ng'ombe kwa mwenzake ni mahari, ni maziwa ya mtoto, na ni kitu cha mwisho alichobakia nacho baada ya nyumba kuchomwa.

Hatutawadanganya. Siku ile hawakupatana juu ya fidia. Walichopatana ni siku ya kwenda pamoja kuitazama ile njia ya ng'ombe, wakiwa na wazee wa pande zote mbili. Ni kidogo. Lakini kwa muda mrefu hatukuwa tumepata hata hicho.

Maneno ya mama mmoja

Sasa tunafika kwenye aibu yetu. Jioni, tulipokuwa tunafunga, sisi wenyewe tulirudia kukisifu kisu kile. Tulisema ni kizuri, tulisema kingefaa kuwa alama ya kamati zetu. Mama mmoja aliyekaa nyuma siku nzima bila kusema akasimama.

Akasema, "Ninyi mnakisifu kisu kwa sababu hakijaingia nyumbani mwenu. Kiliingia kwangu. Hakikuwa na mbweha." Akakaa.

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna jibu kamili, na hatukuja hapa kumjibu. Mama huyo alikuwa na haki. Kitu kizuri kinaweza kutusahaulisha kazi yake. Lakini maneno yake yalitufanya tuulize zaidi. Hao Wajapani wenye visu vizuri, wao walifanyaje na makali yao? Tukatafuta, na tumepata mambo matatu ambayo tunadhani yanatuhusu.

La kwanza ni la mwaka 1588. Mtawala wa Japani wa wakati huo, Toyotomi Hideyoshi, alitoa amri kwamba wakulima wote watoe panga, visu vya vita, pinde, mikuki na bunduki. Aliwaahidi kwamba chuma chao kitakuwa misumari ya kujengea hekalu la sanamu kubwa ya Buddha huko Kyoto, na hivyo watabarikiwa duniani na mbinguni. Ni maneno mazuri, yanafanana na ya nabii Isaya juu ya panga kufuliwa kuwa majembe. Lakini askari wa mabwana hawakutoa kitu. Mwaka 1592 mtawala huyo huyo alituma jeshi lake kuivamia Korea. Silaha zilikuwa zimekusanywa kweli, ila kwa upande mmoja tu. Wazee wa hapa, mnaposikia neno kunyang'anya silaha, mnauliza swali moja: nani anaanza, na nani atatulinda kesho yake? Swali hilo si ukaidi. Lina umri wa zaidi ya miaka 400.

La pili ni la mwaka 1876. Serikali mpya ya Japani ilikataza watu kutembea na panga hadharani, na safari hii katazo liliwagusa wale wenye panga wenyewe. Wahunzi wengi walikosa kazi. Wengi wakageukia visu vya jikoni, mikasi na vyombo vya shambani. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Miki, mafundi walianza kutengeneza kisu cha kukunja cha bei rahisi kiitwacho higonokami. Watoto wa shule walikitumia kuchongea penseli. Kisu hicho hakina kufuli. Ukikifungua, ni kidole gumba chako kinachokizuia kisijifunge. Ukilegeza kidole, kinalegea.

La tatu ni la mwezi wa Oktoba 1960. Mjini Tokyo, kijana wa miaka 17 alimuua kwa upanga mfupi kiongozi wa chama cha kisoshalisti, Asanuma Inejiro, akiwa jukwaani anahutubia. Nchi nzima ilitikisika, na ikaanza kampeni ya kuwazuia watoto kubeba visu vya aina yoyote. Vile visu vya penseli vikatoweka mashuleni, na karakana za Miki zikafungwa moja baada ya nyingine. Hata watu walioyafuga makali yao kwa miaka mingi walilazimika kuuliza upya: kisu hiki kiko mkononi mwa nani?

Kwa hiyo mama yetu hakuwa peke yake.

Tulivyonavyo sisi

Mtu anaweza kusema, mambo ya Japani ni ya mbali. Basi tuangalie karibu.

Msumbiji ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mpaka mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hiyo na askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe. Mtu aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwa vipande, na wasanii wa Maputo walizifanya sanamu. Moja yake ni kiti kilichotengenezwa mwaka 2001 na msanii aitwaye Kester, ambacho sasa kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Tuangalie jambo moja: waliotoa silaha walipewa chombo cha kazi, hawakupewa hotuba peke yake.

Na tuangalie karibu zaidi. Majirani zetu Balega, na Babembe pia, walikuwa na chama cha bwami. Wazee mnakijua. Mtu hakupanda ngazi zake kwa ukali. Alipanda kwa mwenendo mwema na kwa kujizuia, na kila ngazi ilikuwa na vitu vyake na methali zake. Kati ya vitu hivyo vilikuwepo vijiko, nyundo na visu vya pembe za ndovu. Kisu cha pembe hakichinji. Kinaonyeshwa, methali inasemwa, na mwanafunzi anaondoka na mafundisho. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na vitu vyake vingi leo viko katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Lakini fikra yenyewe ni ya hapa: kwamba kuna kisu cha kukatia na kuna kisu cha kufundishia, na mtu mwenye hekima havichanganyi.

Tunasema hivi kwa sababu tunasikia methali moja kila siku: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Vijana wetu wameichukua kama sheria. Wanaiona porini, wanaiona kwenye machimbo ya dhahabu, wanaiona barabarani penye vizuizi. Hatuwezi kuwaambia kwamba si kweli wakati wanaona nani anakula. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba nyama hiyo inakwisha, na mwenye kisu kikali zaidi hakosekani kuja.

Kisu kilivyoondoka

Mgeni wetu alitaka kutuachia kisu kiwe zawadi kwa kamati. Alituambia kwamba katika nchi za Ulaya mtu anayepewa kisu humrudishia mtoaji sarafu moja, ili urafiki wao usikatwe. Tulicheka, na mmoja wetu alikwisha kutoa noti ya franki mfukoni.

Lakini ikaja swali: kitakaa wapi? Kikikaa kwa Babembe, Banyamulenge watasema nini? Kikipelekwa Minembwe, watu wa Fizi watasema nini? Kikikaa ofisini kwetu, tutakuwa tumempa yule mama kitu cha kutazama kila anapoingia. Tulibishana kwa kitu chenye urefu wa kiganja karibu saa nzima, na hapo tukaona wazi hali yetu ilivyo.

Mwishowe tulimwuliza mama mwenyewe. Akasema, "Kikae kwa mwenyewe. Siku mtakapoandikiana njia ya ng'ombe, akirudi, atumenyee muhogo nacho, tule wote." Mgeni akakifunga, akakirudisha mfukoni. Noti ya franki ikarudi mfukoni pia.

Tunayowaomba

Ndugu zetu, tunaomba mambo matatu.

La kwanza, tulishike sharti la kurudisha katika vikao vyetu vyote, vya kijiji, vya kanisa, na vya redioni pia. Anayeongoza kikao asimruhusu mtu kujibu kabla hajarudisha. Litatuchelewesha. Tukubali kuchelewa.

La pili, tusiombe upande mmoja peke yake uweke silaha chini. Kamati ikienda kuzungumza na vijana wa porini, iende kwa wa pande zote, kwa siku zinazokaribiana, na ahadi iwe moja. Na anayetoa silaha apewe kazi.

La tatu tunawaelekezea zaidi marafiki wetu wa mbali. Mnapowasaidia wanaorudi makwao, mnawanunulia majembe, nasi tunashukuru. Lakini mara nyingi majembe hayo yanatoka ng'ambo katika makontena, wakati mhunzi wa Fizi anakaa na moto uliozimika. Nunueni sehemu yake kwake. Mpeni vijana wawili wa kujifunza, kama inawezekana wa makabila mawili. Yeye mwenyewe alituambia hawezi kufua jembe zuri peke yake, na kwamba nyundo haiulizi kabila la anayeishika, inauliza tu kama anasikia mwenzake anapiga lini.

Wale wawili, mkulima na mfugaji, walikwenda kuitazama njia. Bado hawajaandikiana. Wazee wanasema bado kuna kijito kimoja wanachobishania, ng'ombe wavukie juu au chini. Wiki ijayo wanakwenda tena, na tumeombwa twende nao. Anayetaka kufuatana nasi aandikishe jina lake baada ya kikao hiki.

Asanteni kwa kutujibu ee na naam wakati wote tulipokuwa tunasema. Tulizisikia nyundo zenu.

Mungu aibariki Fizi, aibariki Baraka, na atupe amani.